Mizinga nyuma ya nyumba wakati miombo inapochipua: mwongozo kamili wa kazi za Septemba hadi Januari

Huku Tabora mwaka wa nyuki hauanzi Januari. Unaanza Septemba, jua likiwa kali na ardhi imekauka, pale miombo inapochipua majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Mtundu na myombo huchanua kati ya Septemba na Novemba, mninga nao hujaa maua ya njano, na makundi yaliyopungua wakati wa kiangazi huanza kulea majana (mayai na watoto wa nyuki) kwa wingi. Asali nyingi itakuja baadaye, Mei hadi Julai, muba ukishachanua mwishoni mwa mvua. Lakini nyuki watakaoijaza mizinga hiyo ni uzao wa makundi yanayojengwa sasa.

Miongozo mingi inayosomwa mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako mfugaji anahofia baridi kuua kundi. Nyuki wetu wana tabia nyingine. Wakibanwa na njaa, siafu, joto, au mtu anayefungua mzinga kila wiki, hujaza asali tumboni na kuhama kundi zima, wakikuachia masega matupu. Kwa hiyo kazi zote ninazoeleza hapa zina lengo moja, nalo ni kumwondolea nyuki kila sababu ya kuhama katika miezi hii mitano.

Kwanza, je, nyuma ya nyumba yako panafaa?

Nyuki wetu wanaouma ni wakali kuliko wa Ulaya, na hawafai kukaa hatua chache kutoka jikoni. Ukisoma kwamba mtu fulani London anafuga nyuki bustanini karibu na meza ya chai, ujue anafuga nyuki wa aina nyingine. Ninavyoshauri mimi, mzinga ukae angalau mita 100 kutoka nyumba, njia ya watoto, kisima na zizi, na mita 200 ni bora zaidi. Katikati kuwe na ua mnene wa miti au vichaka unaozidi kimo cha mtu, ili nyuki wakiruka wapande juu badala ya kupita usawa wa nyuso za watu. Tundu la kutokea lielekee porini au shambani, lisielekee njiani.

Usifunge kamwe mbuzi, ng'ombe wala mbwa karibu na mizinga. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia, na nyuki wakimvamia hufa palepale alipo. Kuku walio bandani nao wamo katika hatari hiyo hiyo. Waarifu majirani na balozi wa nyumba kumi kabla hujatundika mzinga wa kwanza. Nenda pia kwa afisa ufugaji nyuki wa wilaya, maana ushauri wake kuhusu eneo utakusaidia hata siku ukitokea mgogoro.

Kama una kiwanja kidogo mjini, fuga nyuki wadogo wasiouma. Hao hukaa kwenye kipande cha gogo chini ya paa la nyumba, hawana hatari kwa mtoto, na asali yao ni kidogo lakini hununuliwa kwa bei nzuri. Mengi ya yanayofuata hayawahusu, isipokuwa habari ya siafu, maji na dawa za shambani.

Agosti hadi Septemba: usafi, moto na siafu

Anza na moto, kwa sababu msimu wa kuchipua ndio huo huo msimu wa mapori kuungua. Palilia eneo lote la manzuki, yaani mahali pa mizinga, mpaka ardhi ionekane, angalau mita 3 kuzunguka kila mzinga, na lima njia ya kuzuia moto pembeni. Majani makavu yaliyorundikana chini ya mti wenye mzinga yaondoe kabisa.

Palizi hiyo hiyo inapunguza siafu na sungusungu, lakini haiwamalizi. Hapa ndipo panapotaka uangalifu kuliko mahali pengine pote, maana siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hakuna kundi. Njia bora ni kutundika mzinga kwa waya kati ya miti miwili au nguzo mbili, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Paka grisi kwenye kila waya, upana wa kiganja, karibu na nguzo. Wakati wa kiangazi vumbi hushikamana na grisi mpaka siafu wanapita juu yake kana kwamba ni barabara, kwa hiyo ifute na upake upya kila baada ya wiki mbili au tatu. Kagua kama kuna tawi, jani refu la nyasi au utando unaogusa mzinga, kwa sababu daraja moja dogo linatosha kuharibu kazi yote. Ukitumia stendi ya miguu minne, weka kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, kisha ufunike kopo kwa kipande cha bati ili mvua isiingie na nyuki wasizame humo.

Kutundika kwa waya kunasaidia pia dhidi ya nyegere. Mzinga uliokaa chini au kwenye panda ya mti hauko salama kwake. Ule unaoning'inia humpa shida, hasa nguzo zikiwa zimezungushiwa bati laini asipate pa kushika kucha.

Halafu weka maji. Oktoba mabwawa yamekauka, na nyuki wanahitaji maji ya kupooza mzinga na kulainishia chakula cha majana. Wasipoyapata kwako watayatafuta kwenye ndoo za jirani na bomba la shule, na wakishazoea mahali ni vigumu kuwahamisha. Weka beseni lenye mawe, magunzi au matete yanayoelea ili wapate pa kutua, mita 20 au 30 kutoka mizinga, na lisikauke hata siku moja.

Mizinga mitupu: kuwaita nyuki

Makundi huanza kuhamahama porini mara tu maua yanapotokea, hivyo mzinga mtupu uwe tayari kabla. Ufungue, toa utando wa nondo wa nta, masega yaliyooza na viota vya mende, kisha ukwangue kuta zote. Babua ndani kwa mwenge wa nyasi kavu kwa haraka, ukilenga nyufa na pembe ambako nondo hutaga mayai. Usioshe kwa sabuni wala kupulizia dawa ya mbu. Gundi ya nyuki iliyoganda ukutani iache, harufu yake inawavuta.

Chambo kizuri kuliko vyote ni nta safi ya nyuki. Iyeyushe kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, na ukiiweka moja kwa moja kwenye moto inaweza kuwaka. Paka mstari mwembamba ulionyooka katikati ya kila kiunzi (ubao mwembamba unaolala juu ya mzinga, ambako nyuki huning'iniza sega), upande wa chini. Mstari huo una kazi mbili, kuwaita nyuki na kuwaonyesha pa kuanzia kujenga sega. Sugua pia mlangoni majani ya mchaichai.

Pima viunzi kabla ya kuvirudisha. Kwa nyuki wetu, kiunzi cha mzinga wa viunzi vya juu kiwe na upana wa milimita 32. Fundi wengi hukata kwa kukadiria, na viunzi vikizidi upana nyuki huanza kuunganisha masega ya viunzi viwili. Hapo huwezi kuinua kimoja bila kupasua kingine. Kataa viunzi hivyo mapema, maana gharama ya kuvikata upya ni ndogo kuliko hasara ya kufungua mzinga uliounganishwa.

Mzinga wa kutegea huvutia zaidi ukiwa juu, mita 3 au 4, kwenye kivuli cha mti mkubwa. Kundi likishaingia na kuanza kujenga, subiri wiki moja au mbili, kisha lishushe usiku. Ziba mlango kwa wavu au nyasi, funga mzinga kwa kamba usifunguke, uupeleke polepole mahali pake pa kudumu, na uzibue kabla hakujapambazuka. Likiwa halijaanza kulea majana, kundi lililohamishwa huondoka kwa urahisi sana.

Neno kuhusu mizinga ya magome. Wazee wetu waliitumia kwa karne nyingi na walijua nyuki kuliko sisi, lakini mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hukauka, na mara nyingi mti huo ni mtundu au myombo wenyewe tunaoutegemea kwa maua. Kama una ya magome iliyokwisha tundikwa, iache ifanye kazi mpaka ichakae. Mipya tengeneza kwa mbao.

Soma mzinga kutoka nje

Kabla ya kufungua chochote, kaa pembeni ya mzinga, usikae mbele ya tundu, saa mbili au saa tatu asubuhi, kwa robo saa. Nyuki wakiingia na mizigo ya chavua miguuni, basi ndani kuna majana wanaolishwa, na kwa kawaida malkia yupo. Madume wengi wakitoka alasiri, kundi lina nguvu na linaweza kujiandaa kugawanyika. Ukiona nyuki wanaingia mikono mitupu, wanazurura mlangoni, au wanapigana na wageni, kuna tatizo la malkia, njaa au wizi. Maiti nyingi chini ya tundu kwa ghafla, hasa wenye ulimi nje, huashiria sumu ya dawa.

Kisha inua upande mmoja wa mzinga kidogo kwa mkono. Ukiwa mwepesi ajabu Septemba, kundi lina njaa. Kwa kuangalia na kuinua tu utakuwa umejua sehemu kubwa ya unachotaka kujua, na nyuki hawajasumbuliwa.

Ukaguzi wa kwanza wa ndani

Fanya ukaguzi huu maua yakishaanza vizuri, kwa kawaida Oktoba, jioni kuanzia saa kumi na moja. Mchana wa Oktoba una hatari mbili: nyuki ni wakali kwa sababu ya joto, na sega jipya limelainika kiasi cha kukatika mkononi.

Vaa vazi kamili lenye kofia ya wavu, glavu na buti, na suruali iingie ndani ya buti au ifungwe kwa mpira. Msaidizi naye avae kamili. Kuni za bomba la moshi ziwe magunzi, mavi makavu ya ng'ombe, au magome makavu, na juu yake majani mabichi kidogo ili moshi uwe baridi. Plastiki, matambara ya mafuta na mpira vinaua nyuki na kuharibu asali. Hakikisha bomba linatoa moshi mweupe usio na cheche, na uwe na ndoo ya maji karibu, kwa sababu ya nyasi kavu.

Puliza moshi mara tatu au nne mlangoni, subiri dakika mbili. Fungua kwa kuanzia upande usio na masega. Achia kiunzi kwa patasi, kiinue wima, na kila unapokigeuza hakikisha sega linabaki wima. Ukililaza, litakatika. Puliza kidogo kati ya kiunzi na kiunzi. Usipige wala kugonga. Nyuki anayeuma huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu na inawaita wenzake, kwa hiyo ukichomwa puliza moshi mahali pale mara moja. Ukiisikia harufu hiyo kali na mvumo umebadilika, funga mzinga uondoke. Utarudi siku nyingine.

Unatafuta mambo manne tu, na dakika kumi zinatosha. La kwanza ni mayai, vijiti vyeupe vidogo vilivyosimama ndani ya seli, kimoja kimoja. Ukiyaona, malkia alikuwapo siku 3 zilizopita, na huna haja ya kumtafuta yeye mwenyewe. Seli nyingi zenye mayai mawili au matatu, na majana ya madume yametapakaa kwenye seli za vibarua (nyuki wafanyakazi), zinaonyesha kwamba malkia hayupo na vibarua wameanza kutaga. Kundi hilo liunganishe na jingine, halitapona lenyewe.

La pili ni mpangilio wa majana yaliyofunikwa. Yakiwa yameungana kwa eneo pana, malkia ni mzuri. Kibarua huchukua siku 20 hivi tangu yai hadi kutoka, hivyo majana unayoyaona Oktoba ni nyuki wa kazi wa Novemba. La tatu ni akiba: kusiwe na chini ya masega mawili yenye asali. La nne ni masega meusi makuukuu. Yasukume taratibu kuelekea pembeni, ili yakishatoka majana uyatoe na kuyayeyusha.

Ukikuta mbawakawa wadogo weusi wanakimbilia pembe za mzinga, usishtuke. Ni wadudu wa asili wa bara hili, na kundi lenye nguvu huwadhibiti. Vivyo hivyo kupe wa Varroa, ambaye aliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009: nyuki wetu wameendelea kuishi naye bila dawa, na sioni sababu ya mfugaji mdogo kuingiza kemikali mzingani. Kinachowapa wadudu hawa nafasi ni mzinga mkubwa wenye kundi dogo. Kundi likiwa dogo, toa viunzi vya ziada au weka ubao wa kugawa ndani, ili nyuki waweze kulinda kila sehemu.

Kulisha, pale tu inapobidi

Kundi lenye maua haliihitaji sukari. Lishe kundi lililo jepesi kweli, au lililoingia juzi huku maua yamechelewa. Chakula bora ni sega la asali la mzinga wako mwenyewe ulilohifadhi. Likikosekana, yeyusha kilo 1 ya sukari nyeupe katika lita 1 ya maji moto, iache ipoe, uiweke ndani ya mzinga kwenye sahani yenye vijiti vya kutulia. Iweke jioni, usimwage hata tone nje, na punguza tundu la mlango libaki upana wa vidole viwili. Vinginevyo makundi jirani yatakuja kuiba na kuua wenyeji. Asali ya dukani usiwape, inaweza kubeba magonjwa. Acha kulisha mara mbochi (maji matamu ya maua) unapoanza kuingia, kwa maana sukari ikibaki kwenye masega utakuja kuiuza kama asali.

Novemba na Desemba: nafasi na kugawanya kundi

Mvua za kwanza zikinyesha kundi hukua haraka mno. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu, ingiza kiunzi kitupu chenye nta kati ya sega la mwisho la majana na la kwanza la asali. Ongeza kimoja au viwili, subiri vijengwe, kisha ongeza vingine. Usiweke viunzi vitupu katikati ya majana ya kundi dogo, utakuwa umekata kiota vipande viwili na majana watapoa. Kwenye mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu yanayopangwa juu kwa juu, weka sanduku la juu nyuki wakishafunika fremu 7 au 8 kati ya 10.

Sasa angalia kingo za chini za masega. Vyumba vya malkia huning'inia kuelekea chini, vina urefu wa sentimita 2 na zaidi. Vikiwa vingi kingoni na kundi limebanana, wanajiandaa kugawanyika. Kuvivunja hakusaidii, watajenga vingine. Afadhali ugawanye wewe.

Subiri mpaka chumba kimoja au zaidi kimefunikwa. Usogeze mzinga wa zamani hatua kadhaa pembeni, na mahali pake weka mzinga mpya. Hamishia humo masega matatu au manne ya majana pamoja na nyuki waliomo, moja wapo likiwa na chumba cha malkia kilichofunikwa, na masega mawili ya asali. Malkia wa zamani abaki kwenye mzinga aliozoea. Kagua kila sega unalohamisha kwa makini usimchukue. Nyuki wa nje wakirudi wataingia mzinga mpya kwa sababu uko pale wanapopajua, na kundi jipya litakuwa na wafanyakazi wa kutosha. Malkia mchanga hutoka siku ya 16 hivi tangu yai, kisha huhitaji wiki mbili hadi tatu kukomaa, kwenda kupandwa angani na kuanza kutaga. Usimfungue katika muda huo. Kagua mayai baada ya wiki nne.

Gawanya kundi lililojaa tu. Kundi la wastani ukiligawanya utapata makundi mawili dhaifu, na yote mawili yanaweza kuhama kabla ya Krismasi.

Mvua na dawa za shambani

Kabla ya Desemba kila mzinga uwe na paa la bati lililotokeza mbele ya tundu, na nyasi juu ya bati kupunguza joto na kelele za mvua. Inamisha mzinga kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Kaza waya na kagua matawi yaliyooza juu ya mizinga, upepo wa mvua za kwanza huku kwetu huangusha mengi.

Dawa za mazao ndizo zinazonitia hofu kuliko siafu. Tumbaku hapa, pamba Igunga na Nzega, mboga za mabondeni kila mahali: zote hupuliziwa, na nyuki hutafuta chakula umbali wa kilomita mbili tatu au zaidi. Nenda kwa kila jirani mwenye shamba kabla hajaanza kupanda. Mwombe apulizie jioni nyuki wakisharudi, asipulizie mimea iliyochanua, na akupe taarifa siku moja kabla. Mpelekee asali kidogo, mweleze pia kwamba alizeti na matikiti yake yanabeba zaidi nyuki wakiwapo. Ukipewa taarifa, funga milango usiku kwa wavu, funika mizinga kwa magunia mabichi, na ufungue kesho yake jioni. Zaidi ya hapo watakufa kwa joto.

Mtu akiumwa

Aondoke akikimbia kuelekea ndani ya nyumba au kichaka kizito, akifunika uso, asipige nyuki wala asiruke majini. Miiba ikwanguliwe upesi kwa ukucha. Anayepumua kwa shida, anayevimba midomo au koo, anayetapika au kuzimia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ameumwa na nyuki mmoja. Hali kadhalika aliyeumwa na nyuki wengi, hasa mtoto au mzee, hata akionekana mzima.

Januari

Andika kwenye daftari, kwa kila mzinga: tarehe kundi lilipoingia, siku ulipofungua, masega yenye majana, masega yenye asali, kama umegawanya. Mti gani ulichanua lini nao uuandike.

Baada ya hapo punguza mkono. Wakati wa mvua kubwa endelea na grisi, palizi na kuangalia mlango kutoka pembeni, basi. Asali chache ya Novemba na Desemba waachie wenyewe, itawavusha siku za mvua mfululizo wasipoweza kutoka. Fungua tena Machi, muba ukianza kutoa vitumba, uone kama wanahitaji viunzi.